Ukungu wa Marsabit na ile ndege ya 2006

Leo nimeamkia Marsabit na saa mbili asubuhi bado sioni paa la jirani. Bodaboda zinapita na taa zimewashwa. Nimeikumbuka ile ndege aina ya Y-12 ya Jeshi la Anga la Kenya, ya panga boi mbili, iliyogonga kilima hapa ikijaribu kutua tarehe 10 Aprili 2006. Walikuwemo watu 17, wakafa 14, Bonaya Godana na wabunge wenzake wakiwemo. Walikuwa wanakuja kupatanisha jamii, jamani.

Hali mbaya ya hewa ilitajwa tangu mwanzo, na kwa ukungu huu naamini. Mlima wenyewe unachomoza ghafla katikati ya jangwa: rubani anatoka kwenye anga nyeupe, anaanza kushuka, wingu linamfunika, na kilima kiko palepale mbele yake.

Ila kuna jambo lingine ninalolishuku. Ukiwa umebeba waheshimiwa na mkutano wa amani unawangoja chini, ni vigumu mno kusema tunageuza. Hilo ni wazo langu tu, lakini haliniachi. Mungu aendelee kuwafariji wafiwa.