Kasha la bibi: bangili na chanuo tayari, sasa jambia

Kadi mbili za vitu vya kasha la bibi, hapa Malindi, zimekamilika. Kila kadi inataja mnyama ambaye kitu kile kimetokana naye, kwa kadiri ushahidi unavyofika.

Bangili ni ya ndovu. Bangili hukatwa kwa kupitisha msumeno kukingama pembe, kwa hiyo ubavu wake bapa ndio wa kutazama: chini ya lenzi ya mara kumi mistari myembamba inakatana kama jarife. Mfupa hauna mistari hiyo, una vitone na michirizi ya vijia vya damu. Chanuo ni la ng'amba: mabaka yake ukiyakuza ni vitone vidogo vidogo vya rangi, ilhali kwenye plastiki ya kuigiza rangi hutanda moja kwa moja.

Jambia ndilo lililonishika. Ami anasema mpini ni wa kifaru, na ndivyo alivyoambiwa na marehemu babu. Akashauri, "Tia sindano ya moto, mwanangu, unuse." Nikamwomba radhi, sikutia. Pembe ya kifaru, ya ng'ombe na gamba la ng'amba vyote ni keratini, protini ile ile ya nywele na kucha, vyote vitanuka nywele zilizoungua. Tutabaki na tundu na hatujui zaidi. Na kama kitu ni selulodi, plastiki ya zamani, kitashika moto.

Tukautazama pamoja dirishani. Pembe ya kifaru ni nyuzi zilizoshikamana, na pale ilipokatwa huonekana vitone vilivyosongamana. Huu mpini umeanza kubanduka kichwani, tabaka juu ya tabaka. Ami alikaa na lenzi muda mrefu, akanirudishia bila neno. Nimeandika: "Pembe ya jamii ya ng'ombe au nyati; si kifaru." Chini yake nimeweka maneno ya babu, maana nayo ni sehemu ya jambia.

Kinachofuata ni kigoma kilichochanika ngozi. Mbuzi au ng'ombe? Lenzi peke yake sitaitegemea kwa ngozi iliyokwanguliwa nywele. Tangu 2009 kuna njia ya kumtambua mnyama kwa kupima uzito wa vipande vya kolajeni, protini ya ngozi na mifupa, na mwaka 2015 watafiti walionesha kuwa kwa ngozi za kuandikia vyatosha vumbi la kifutio kilichosuguliwa juu yake. Maabara hiyo sinayo. Ila fundi aliyetaka kuiziba ngozi kwa gundi ya mifupa nimemzuia: gundi hiyo nayo ni kolajeni, ingechanganya wanyama wawili kwenye kipimo kimoja.