Ndoa ya Maskati kwenye TV ya chogo ya Bibi

Mdogo wangu alioa Maskati mwezi wa Mfunguo Sita. Bibi yetu hakuweza kuhudhuria; miguu haimruhusu hata kutoka Wete kwenda Chake, humu humu Pemba, seuze kupanda ndege. Video ya ndoa ikaletwa kwa flashi, na kazi ya kumwonyesha nikapewa mimi kwa kuwa ndimi mwenye kompyuta. Kwenye simu hakutaka. Ana mtoto wa jicho, na kioo cha simu kwake ni mwangaza tu. Alitaka amwone mjukuu wake kwenye TV yake.

TV yenyewe ni ya chogo, inchi 21. Babu aliinunua kwa fedha za msimu wa karafuu, mimi bado sijapelekwa chuo cha Kurani. Inafanya kazi mpaka leo, king'amuzi kimechomekwa hapo na taarifa ya habari haimpiti. Wajomba wameshataka mara mbili kuiondoa walete flati, akakataa, na mimi nilikuwa upande wake. Tatizo ni kwamba nyuma ina tundu la antena, tundu la njano la picha na tundu jeupe la sauti, basi. Kompyuta yangu ina tundu la HDMI peke yake, lile bapa la TV za flati.

Nilikwenda dukani nikaulizia waya wa HDMI kwenda AV, yaani matundu yale ya rangi, nikapewa waya mtupu: upande mmoja kichwa cha HDMI, upande wa pili vichwa vitatu vya rangi. Nikachomeka, kioo kikabaki cheusi. Nilihangaika nao usiku mzima nikidhani kompyuta ndiyo mbovu, na hapo ndipo ninapotaka mwenzangu asipoteze fedha yake. Waya ule kwa TV ya namna hii haufanyi kazi hata ukiwa mzima. HDMI hupeleka picha kwa tarakimu, sifuri na moja. Tundu la njano linangojea umeme unaopanda na kushuka kufuata mwangaza wa kila mstari wa picha. Waya unapitisha tu, haugeuzi kitu. Katikati lazima pawe na kigeuzi chenye chipu, na kigeuzi lazima kile umeme. Karibu vyote vya aina hii vina kijitundu cha USB cha kuvipa volti 5, na mimi chaja ya simu inanitosha.

Basi nikaagiza kigeuzi Unguja, kinunuliwe Darajani. Kikaja kwa boti, kidogo kama kiberiti, HDMI upande huu, matundu matatu ya rangi upande ule. Kioo cheusi tena. Kumbe kile kilikuwa cha kinyume, cha kupeleka king'amuzi cha zamani kwenye flati. Viwili hivi vinafanana kama mapacha, na kimoja hakiwezi kufanya kazi ya mwenzake. Juu yake husomwa AV2HDMI au HDMI2AV. Kinachoanza ndicho kinachoingia, kwa hiyo cha kutoka kwenye kompyuta kwenda TV ya chogo ni HDMI2AV. Siku hizi namwambia ninayemtuma anipigie picha ya maandishi kabla hajalipa.

Cha pili kikaleta picha, lakini haina rangi, na inajiviringisha kwenda juu haisimami.

"Mume wangu, mbona watu wanakimbilia juu?" Bibi akauliza.

Ubavuni mwa kigeuzi pana swichi ndogo sana, PAL na NTSC, na ilikuwa kwenye NTSC. Huo ni mfumo wa Marekani na Japani, wa mistari 525 na picha takriban 30 kwa sekunde. Wetu ni PAL, mistari 625 na picha 25. Zanzibar ilikuwa ikirusha televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Bara walisubiri mpaka miaka ya 1990 kupata televisheni yoyote, na rangi ile ilikuwa ya PAL. TV za zamani za majumbani kwetu zimezoea huo. Nikasogeza swichi kwa ncha ya sindano. Picha ikatulia, na zulia la msikiti likawa jekundu.

Likabaki jambo la umbo. Video za leo ni pana, 16 kwa 9, na TV ya chogo ni 4 kwa 3. Kigeuzi hakikati wala hakiachi ukingo mweusi, kinabana tu, na watu wote wanakuwa warefu wembamba. Bibi alipomwona bwana harusi alishika kifua: "Kakonda mtoto huyu! Hawampi chakula huko?" Niliona haifai kumwacha na picha hiyo moyoni. Ninatumia VLC, programu ya kuchezea video, na humo unaweza kuchagua umbo la picha. Nikachagua 2.35:1. Ukiitazama kwenye kompyuta picha imelala, imekuwa bapa, lakini kigeuzi kikiibana kwa robo upana wake inarudi karibu sawasawa na ilivyopigwa, ikiwa na ukingo mweusi juu na chini. Mashavu ya mdogo wangu yakarudi.

Simu yangu niliijaribu pia, kwa adapta ya tundu la Type-C, haikutoa kitu. Simu nyingi za bei ya chini tundu lile ni la chaji na mafaili tu, picha halitoi, na hakuna adapta ya kawaida itakayolilazimisha.

Sauti ndiyo iliyonitesa zaidi, kwa sababu nilidhani nimeshamaliza. Nilikwisha kuielekeza kompyuta itoe sauti kwa HDMI, na tulisikia dufu, tulisikia watu wakikohoa na feni ikizunguka. Shekhe akashika mkono wa mdogo wangu, akafungua mdomo, kimya. Mdogo wangu akajibu, kimya. Bibi alisogeza kiti mpaka akakaribia kugusa kioo.

Mpiga picha alitumia maiki mbili. Ya shekhe aliiweka upande wa kulia, ya kamera upande wa kushoto. Kichwa cheupe hubeba kushoto, chekundu hubeba kulia, na TV ya Bibi ina tundu moja. Nilipochomoa cheupe nikaweka chekundu pale pale, shekhe akasikika na dufu zikapotea. Nikaingia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, nikawasha mono, inayochanganya pande zote mbili na kutoa sauti hiyo hiyo kila upande. Nikarudisha video nyuma.

Shekhe akasema maneno yake. Mdogo wangu akajibu kuwa amekubali. Bibi alifunika uso kwa mtandio.

"Rejesha," akasema. Nikarejesha. "Rejesha tena."

Ami jirani, aliyekuja kuchungulia, ana TV kongwe zaidi, yenye tundu la antena peke yake. Kwake tuliongeza kifaa kingine baada ya kigeuzi, modyuleta, kinachochukua njano na nyeupe na kuzirusha kama kituo kwenye waya wa antena, kisha unakitafuta kituo hicho kwa TV. Picha ilikuja safi, sauti ikawa mkoromo mtupu. Kifaa hicho nacho kina chaguo la B/G na I: sauti hukaa megahezi 5.5 juu ya picha kwenye B/G, na 6 kwenye I. TV yake ilitaka I. Amekiweka chaneli 36, na ananidai flashi ya ndoa.