Pampu iligoma kila umeme uliporudi, dawa ikawa kuisafisha .bss

Ukiambiwa "Kaka, andika tu = 0 kwenye kila kigeu, tatizo litaisha", usikubali. (Kigeu ni nafasi ya kumbukumbu yenye jina, inayobeba thamani.) Mimi niliambiwa hivyo na watu wanaoheshimika kwenye fani, na bado inaniudhi.

Kifaa kinaendesha pampu ya umwagiliaji wa matone kwenye shamba la zabibu, Hombolo. Ndani kuna chipu ya STM32F103C8, flashi KB 64 na RAM KB 20, na butiloda (programu ndogo inayoamka kwanza na kuiwasha programu kuu) nimeitengea KB 8 za mwanzo za flashi. Ina kigeu cha jumla, sasisho. Kisipokuwa sifuri, butiloda haiwashi programu, inasubiri mpya kwenye waya. Mezani kwangu Nkuhungu nilikuwa nabonyeza riseti na kila kitu kinakwenda, kwa sababu riseti haifuti RAM. Shambani umeme ukikatika na kurudi, RAM inaamka na takataka yoyote, na pampu inabaki kimya.

Kiolezo cha kuanzishia (msimbo unaotangulia main, yaani kazi kuu ya programu) nilichokipakua hakikuwa na mstari hata mmoja wa kusafisha .bss, sehemu ya RAM vinakokaa vigeu vinavyopaswa kuanza na sifuri. Kwenye kompyuta kazi hiyo hufanywa na mfumo endeshi. Kwenye chipu tupu ni juu yako. Sasa ile = 0: kompaila ya GCC ikiona sifuri hukipeleka kigeu .bss vilevile, kulekule kusikosafishwa! Mwingine akasema nihamishie vyote .data, sehemu ya vigeu vyenye thamani ya mwanzo isiyo sifuri. Bafa yangu ya kupokelea ni baiti 4096, na .data huhifadhi nakala ya thamani za mwanzo kwenye flashi. Nusu ya butiloda ingekuwa sifuri tupu.

Nilichojivunia ni mtego. Kusubiri TANESCO wakate umeme ndipo nione kosa ni kazi isiyo na mwisho, kwa hiyo mwanzo kabisa wa Reset_Handler, msimbo wa kwanza chipu inaouendesha ikiamka, niliandika kitanzi cha asembli kinachojaza RAM yote 0xA5. Lazima kiwe asembli na kitumie rejista pekee, maana steki, zinakowekwa data za muda za msimbo wa C, nayo iko humohumo kwenye RAM. Nikaisimamisha programu kwenye main kwa kitatuzi cha GDB, nikaomba thamani ya sasisho: 0xa5a5a5a5. Kosa lililokuwa likijificha shambani sasa linatokea mezani kila nikibonyeza. Nilifurahi sana.

Baada ya hapo ni kazi ndogo: kwenye faili la linka (linalopanga nini kikae wapi kwenye kumbukumbu) weka alama ya mwanzo _sbss, kisha *(.bss*) na *(COMMON), kisha alama ya mwisho _ebss, vyote kwenye mipaka ya baiti 4, na kitanzi kiandike sifuri katikati yake kabla ya main. COMMON usiiache nje: GCC za kabla ya toleo la 10, la mwaka 2020, hupeleka huko vigeu vya C visivyopewa thamani.

Kigeu kimoja nimekiweka nje kwa makusudi. Kinakaa 0x20000000, kwenye sehemu ya .noinit yenye NOLOAD (haipakiwi wala haisafishwi), butiloda na programu zote mbili zikiiheshimu anwani hiyo. Programu ikitaka kusasishwa huandika humo namba maalumu na kujiriseti. Butiloda ikiikuta, inaifuta na kusubiri. Takataka ya umeme kurudi karibu haiwezi kufanana na namba hiyo ya biti 32.