Samaki wa Sagana: mchague akiwa mbichi, kisha ngoja

Kwa Mnairobi anayetaka kula samaki kando ya mto na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, Sagana ndiyo safari nyepesi: takriban kilomita 100 kwa barabara ya Thika, kupitia Kenol. Panda gari la Karatina au Nyeri. La Embu litakushusha Makutano, maana hapo ndipo linapokata kulia kuelekea Mwea, kabla ya kufika Sagana. Fika kabla ya saa sita, jikoni hakujafurika. Anayetaka bia ya kuteremshia ajue kwamba sheria ya vileo ya 2010 iliziwekea baa za kawaida saa ya kufungua: saa nane mchana wikendi na saa kumi na moja jioni siku za kazi.

Usidhani kila samaki anayeletwa mezani ametoka kwenye mto unaouona. Tilapia wengi wa kula hufugwa mabwawani, na shamba la samaki la serikali liko hapo Sagana tangu 1948. Hakuna ubaya. Wafugaji hupenda kuweka madume matupu, kwa sababu jike huanza kuzaa angali mdogo, bwawa likajaa vifaranga wanaogombania chakula, wote wakadumaa. Kasoro ya samaki wa bwawa ni ladha ya tope. Huletwa na jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria na miani majini, ikaingia kwenye mafuta ya samaki. Dawa yake hasa ni kumweka kwenye maji safi yanayotiririka kwa siku kadhaa kabla ya kumtoa. Limau na tangawizi hupunguza tu.

Kwa hiyo usiagize ukiwa umeketi. Nenda jikoni, omba kuonyeshwa samaki mbichi. Mfunue matamvua: yawe mekundu, si ya kahawia wala yenye ute mzito. Macho yatokeze na kung'aa. Mbonyeze ubavuni kwa kidole. Nyama irudi mara moja. Shimo likibaki, mwache. Shombo kali pia ni dalili ya kuchelewa, kwani samaki mbichi hunuka maji tu. Mtu mmoja anatosheka na wa gramu 400 hadi 600. Mkubwa wa kilo moja ni mzuri kwa wawili, ila mwambie mpishi amchanje zaidi, la sivyo ngozi itaungua huku nyama iliyoshika mfupa ingali mbichi.

Sasa subiri dakika 40 hivi. Akiletwa baada ya 10, alikaangwa asubuhi akatumbukizwa tena kwenye mafuta. Utamjua kwa mapezi meusi na nyama inayokatika kama kamba. Samaki aliyetengenezwa vizuri hupaliwa magamba, hutolewa matumbo na matamvua, na huchanjwa mara tatu au nne kila upande hadi kwenye mfupa. Hupakwa chumvi, limau, kitunguu saumu na tangawizi, akakaa dakika 20. Kisha afutwe maji. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo sababu mafuta huruka na ngozi kuganda kwenye karai. Mafuta yawe ya moto wa kutosha: kipande cha kitunguu kikitiwa kichemke papo hapo. Yakiwa baridi, samaki huyanywa. Wakijazwa wanne kwenye karai moja, joto hushuka na matokeo huwa yale yale. Wa gramu 500 huchukua dakika 10 hadi 14, akigeuzwa mara moja tu.

Wa mchuzi hukaangwa kwanza, kisha akatiwa kwenye kitunguu na nyanya zilizoiva hadi mafuta yakajitenga, akachemka dakika 8 na dania ikafuata mwishoni. Tunampendelea huyu kuliko mkavu, kwa sababu ugali unapata cha kuchovya. Kambare naye afaa mchuzi kuliko kukaangwa: hana magamba, ute wake husuguliwa kwa chumvi na limau, na nyama yake ina mafuta mengi.

Kula kwa mkono, kwa kuwa vidole huona miiba kabla ya ulimi. Anza mgongoni juu ya mstari wa kati, nyama hujitoa yenyewe. Tumboni nenda polepole, ndipo penye mbavu. Mashavu ya kichwa usimwachie mhudumu. Mwiba ukikwama kooni, usimeze tonge kubwa la ugali kama wengi wanavyoshauri: huweza kuusukuma ndani zaidi. Ukiendelea kuchoma, nenda hospitali.

Ukitaka kubeba wengine wabichi hadi Nairobi, watolewe matumbo na matamvua huko huko, uwapange kwenye kasha lenye barafu iliyopondwa, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, na tundu chini ili maji yanayoyeyuka yasiwaloweshe.