Meza ya Mama na Mvua za Tukuyu

Washenga walipotaja siku ya kuja kwetu Tukuyu kwa ajili ya mdogo wangu, niliomba likizo ya wiki mbili nikapanda basi kutoka Dar es Salaam. Wengine waliwaza ng'ombe wa mahari. Mimi niliwaza meza ya mama.

Ilikuwa Aprili 2016, na Aprili ya Tukuyu huwa ni mvua, ikikatika mvua ni ukungu. Meza yenyewe ni ya mninga, nzito kama jiwe la kusagia, na viti vyake sita. Ilinunuliwa kabla sijazaliwa. Juu ilikuwa imejaa duara nyeupe za vikombe vya chai, na upande wa dirishani ile ngozi yake ya kung'aa ilikuwa imepasuka vipande vidogo vidogo, kama tope la kidimbwi kilichokauka. Nilijiambia wageni hawatakula pale.

Nilipopita Mbeya nilishuka Mwanjelwa, nikaingia duka la rangi. Kijana wa dukani hakuniuliza mbao ina nini juu yake, nami sikujua kwamba hilo ndilo swali. Nikatoka na kopo la rangi ya mafuta, kahawia ya chokoleti, kopo la laka, ile ya kung'arishia mbao, galoni ya thina ya kuzimulia rangi, na brashi mbili. Nilijiona fundi.

Nashukuru Mungu nilianza na kiti. Nikakifuta vumbi, nikapiga rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya ule mng'ao wa zamani. Kesho yake bado ilikuwa inanata kwa ile baridi. Keshokutwa ilionekana imekauka, nikataka ing'ae zaidi, nikachukua laka nikapiga juu yake. Kabla sijamaliza egemeo, rangi ilianza kujikunja mbele ya macho yangu. Ilijikusanya mikunjo myembamba kama utando wa maziwa yaliyochemka ukiugusa na kijiko. Nilipoikwangua kwa ukucha, ikaja yote, na chini yake mng'ao wa zamani uko vilevile, hata haujui kama ulipakwa kitu.

Mama alisimama mlangoni akatazama muda mrefu. "Mwanangu, ng'ambo ya barabara kuna fundi."

Fundi alikuwa mzee, banda lake la mabati limejaa vumbi la mbao. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye kiti, wala hakucheka, jambo ambalo lilinitia aibu zaidi. Alikuja nyumbani na chupa mbili na pamba. Akainama chini ya meza, akachagua sehemu ya nyuma ya mguu ambayo hakuna atakayeiona, akasugua kwa pamba yenye spiriti. Hakuna kitu. Akachukua pamba nyingine, akaichovya kwenye thina, akasugua palepale. Mara hii pamba ikaanza kung'ang'ania, ikatoka na rangi ya asali.

"Hii ni laka," akasema. "Ingelainika kwa spiriti, ingekuwa sheleki, mng'ao wa aina nyingine. Ingegoma kote kuwili, ningesema vanishi."

Halafu akanieleza kosa langu. Thina iliyomo kwenye laka ni kali, inalainisha rangi ya mafuta ambayo haijakomaa na kuifanya ivimbe, ndiyo maana ilijikunja. Lakini laka juu ya laka ni jambo jingine: ile mpya inayeyusha kidogo ile ya zamani, zinashikana zinakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo meza haikuhitaji kukwanguliwa yote. Ilihitaji kuoshwa.

Kuosha ndiko kulikotuchukua muda. Mama alikuwa ameifuta meza ile kwa miaka, leo mafuta ya taa, kesho mafuta ya kupikia, sikukuu polishi ya kopo. Fundi alisema mafuta yakibaki, laka inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo, yeye aliviita macho ya samaki. Tukaosha kwa maji ya sabuni, tukakausha, tukafuta kwa tapentaini, tukabadilisha vitambaa mpaka kikatoka kitambaa cheupe. Ndipo tukapiga msasa namba 240, kisha 320, kwa kufuata nyuzi za mbao. Aliniambia enzi za ujana wake walitumia majani ya mti wenyewe, msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Sikuwahi kujua kwamba karatasi ile ilirithi jina la mti.

Duara nyeupe nyingi zilitoka, maana ni unyevu ulionaswa ndani ya laka. Moja nyeusi ilibaki. Ile ilikuwa imeshaingia kwenye mbao.

Kuhusu mng'ao tulibishana. Mimi nilitaka kioo. Yeye akasema juu ya meza ya zamani mng'ao mkali unaonyesha kila kovu, bora nusu mng'ao. Nikakubali. Alikoroga kopo mpaka nikachoka kumtazama, kwa sababu unga unaofifisha mng'ao hutuama chini. Usipokoroga, nusu ya meza itang'aa na nusu itafifia.

Tukaibeba meza watu wanne mpaka bandani kwenye kompresa, mashine ya kupulizia laka, mbali na jiko la kuni la mama, maana mvuke wa laka hauchezi na moto. Mkono wa kwanza wa laka ukaenda vizuri. Wa pili, ukungu ukashuka kutoka mlima Rungwe, na meza yote ikageuka nyeupe kama imepumuliwa. Moyo ukanishuka. Fundi akazima kompresa, akaenda kunywa chai. Thina inaporuka haraka inapoza mbao, unyevu wa hewani unatua juu yake na kunaswa. Saa sita mchana, jua lilipotoka, akapuliza thina tupu, nyepesi sana, na ule weupe ukapotea kama haukuwahi kuwepo. Mkono wa tatu ukamalizia.

Mama alipoiona akaipapasa. "Mbona haing'ai?"

Siku mbili baadaye, wageni wakiwa njiani, nilimkuta ameitandika nailoni mpya yenye maua ya waridi. Fundi alikuwa ameniambia isifunikwe mpaka wiki mbili zipite. Sikumwambia mama. Ungemwambiaje, siku ile?

Wageni walikula, wakaimba, wakaondoka. Jioni tulipoibandua nailoni ilitoka kwa sauti ya plasta inayong'olewa kwenye ngozi. Mpaka leo, ukiinama mwanga wa dirisha ukipita juu ya meza, utayaona waridi yale, yamejichora kwenye laka kuanzia pembe hadi pembe. Mama anawaambia watu kwamba fundi alichonga.