Sherehe za vijijini Japani: anza na basi la kurudi

Tangazo la sherehe ya kijijini Japani huonyesha tarehe, jina la hekalu na picha ya fataki. Kitakachoamua wikendi yako kimeandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo, nacho ni kanji nne tu. 雨天中止 (uten chūshi): mvua ikinyesha, hakuna kitu. 雨天順延 (uten jun'en): mvua ikinyesha, inasogezwa mbele. 小雨決行 (shōu kekkō): manyunyu hayazuii. Mwalimu mgeni aliyepangiwa shule ya mashambani azikariri hizo mapema. Ukikutana na ya kwanza, usilipie chumba ambacho fedha yake hairudi.

Kule Takayama, mkoani Gifu, sababu ya kuogopa mvua inaonekana wazi. Magari ya sherehe, 12 ya tarehe 14 na 15 Aprili na 11 ya tarehe 9 na 10 Oktoba, yamepakwa laka na dhahabu na kuvishwa vitambaa vya zamani. Mvua ikinyesha hubaki ndani ya maghala yake marefu, na aliyetoka mbali hukosa kuyaona yakipita mitaani. Ngoma ya Gujo Hachiman, mkoa huohuo, ni kinyume chake: watu hucheza wakiwa wamelowa, ila hali ya hewa iwe mbaya kweli.

Tarehe nazo ni za aina mbili. Kuna zilizopigiliwa msumari: sherehe ya Chichibu 2 na 3 Desemba, Nozawa Onsen 15 Januari, Nishimonai 16 hadi 18 Agosti. Hizo hazijali kama ni Jumatano. Halafu kuna za vijiji vidogo, nyingi zimehamishiwa Jumamosi na Jumapili kwa sababu vijana wa kubeba na kuvuta wanafanya kazi mjini na hurudi kwao wikendi tu. Za namna hii hubadilika kila mwaka, kwa hiyo tangazo la mwaka jana litakupoteza. Uliza ofisi ya mji, soma ubao wa matangazo unaozungushwa nyumba kwa nyumba (kairanban), au waulize wanafunzi. Wao ndio wapiga ngoma na filimbi, na mazoezi huanza wiki kadhaa kabla. Anayesinzia kipindi cha kwanza mwezi wa Septemba, msamehe kwanza, kisha muulize ngoma ni lini.

Sherehe ya katikati ya wiki inahitaji likizo, nenkyū. Ombi hupitia kwa naibu mkuu wa shule, na ukilipeleka siku mbili kabla utamweka mahali pabaya. Peleka wiki mbili kabla au zaidi. Tazama pia kalenda ya shule: siku ya michezo ikifanyika Jumamosi, kwa kawaida Jumatatu hupumzishwa (furikae kyūjitsu), na hiyo ni siku ya kusafiri ambayo haikugharimu likizo hata moja.

Sasa usafiri, na hapa wengi hukosea kwa kupanga jinsi ya kufika. Panga kurudi. Andika kwenye karatasi saa ya treni ya mwisho, kisha rudi nyuma: dakika za kutembea hadi stesheni, foleni, basi. Mabasi ya vijijini yana ratiba mbili, ya siku za kazi (平日) na ya Jumamosi, Jumapili na sikukuu (土日祝), na ya pili inaweza kuwa na safari tatu tu, au isiwepo kabisa. Juu ya hilo, siku ya sherehe barabara hufungwa (交通規制) na kituo cha mbele ya hekalu huenda kikarukwa. Mpigie simu mwenye basi ujue litasimama wapi. Kama hesabu haikubali, tafuta minshuku, nyumba ya wageni ya familia, miezi kadhaa kabla. Kwa Nozawa au Takayama hata miezi sita si mapema mno.

Ndani ya basi utaratibu ni huu: kwa kawaida panda mlango wa nyuma, chukua kikaratasi chenye namba (seiriken), tazama ubao ulio mbele juu ya dereva, na nauli iliyo chini ya namba yako ndiyo utakayodumbukiza ukishuka. Chenji unavunja mwenyewe kwenye mashine iliyo pale mbele, nayo hula noti ya yeni 1,000. Noti ya 10,000 huikataa, na dereva hana pa kuivunja huku abiria ishirini wamesimama nyuma yako. Treni za behewa moja zenye dereva peke yake hufuata utaratibu huohuo kwenye stesheni zisizo na mhudumu: mlango wa mbele ndio unaofunguka kushukia, na pengine ni wewe unayebonyeza kitufe. Kadi ya nauli ya Suica uliyogusisha Tokyo haitakusaidia stesheni ambayo haina mashine ya kuisoma. Utalipa taslimu, utapewa karatasi ya uthibitisho, na kadi itabaki imefungwa mpaka mhudumu wa stesheni nyingine aifungue.

Kwa hiyo, beba fedha taslimu. Toa Ijumaa, kwa sababu ATM za posta ndogo za vijijini hufungwa mapema wikendi. Vibanda vya chakula hutaka sarafu na noti ndogo. Sahani ya yakisoba (tambi za kukaanga) au takoyaki (vidonge vya unga na pweza) ni karibu yeni 500 au zaidi kidogo. Beba pia mfuko wa taka. Mapipa ni adimu, na vijiti vya mishikaki haviruki nyumbani vyenyewe.

Kwa anayeanza, nenda kwanza kwenye ngoma ya duara. Neno matsuri hutafsiriwa tamasha, lakini ndani yake kuna tambiko, na sehemu kubwa ya tambiko ni ya wenyeji. Ngoma ya Bon, msimu wa kuwakumbuka mababu, ni mlango uliofunguliwa. Gujo hucheza usiku wapatao thelathini kuanzia katikati ya Julai hadi mwanzo wa Septemba, na usiku wa 13 hadi 16 Agosti hukaribia alfajiri. Huhitaji vazi maalumu wala ruhusa. Ngoma ni kumi. Simama nyuma ya bibi mzee, si kijana, kwa kuwa bibi haruki hatua, na uige miguu kwanza, mikono itafuata. Ukisikia Matsusaka, usiku umekwisha, maana hiyo ndiyo ya kufungia.

Raha ya Gujo ni sauti ya geta, viatu vya mbao, zikigonga lami kwa pamoja. Geta mpya huchubua katikati ya kidole gumba na cha pili, na kidonda hicho hutokea kabla ya ngoma ya tatu. Vuta ukanda kwa mikono ulegee kabla ya kuvaa, bandika plasta kabla ya kuchubuka, na uache kisigino kitokeze nje kidogo, sentimita moja au mbili. Ndivyo zinavyovaliwa, hata kama unaona ni ndogo. Ukivaa yukata, kimono nyepesi ya kiangazi, upande wa kushoto ukae juu ya wa kulia. Kinyume chake ni jinsi maiti anavyovishwa, na kila mzee atakayekuona atakusimamisha akurekebishe.

Kubeba mikoshi, kihekalu cha mungu kinachopitishwa mitaani, ni jambo jingine. Hujitokezi tu. Unaalikwa na kikundi cha mtaa, mara nyingi kupitia mwalimu mwenzako au mzazi, na wao hukuazima koti la happi. Viatu utajitafutia: jikatabi, vile vya kitambaa vyenye kidole gumba pembeni. Maduka ya mashambani mara nyingi huishia sentimita 28, kwa hiyo mwenye mguu mkubwa aagize wiki kadhaa mapema. Usithubutu na kandambili. Vidole hukanyagwa na watu thelathini. Vua pete, saa na miwani isiyofungwa.

Simama karibu na mti wa kubebea mikoshi, uingie begani mpaka uguse shina la shingo. Anayekaa mbali hubeba kwa ncha ya bega, na kila mti unaporuka humrudia pale pale juu ya mfupa. Taulo iliyokunjwa chini ya happi husaidia. Fuata hatua na sauti ya wote. Kosa moja la mguu huvuruga safu nzima. Shida ya mgeni ni urefu: mrefu kuliko wenzake hubeba mzigo wa wawili, na akikunja magoti kwa saa nzima, mgongo humlipiza kesho yake. Omba uwekwe na warefu wenzako. Ukichoka, toka kwa upande wa nje baada ya mwingine kushika nafasi yako. Usitoke kwa ndani wala usichuchumae. Na kama wewe ni mtazamaji, shuka: kumtazama mungu kutoka dirisha la ghorofani ni utovu wa adabu.

Ukialikwa kula baadaye, usiende mikono mitupu. Chupa ya sake (pombe ya mchele) ya lita 1.8 iliyofungwa noshi, karatasi ya zawadi, inatosha, au bahasha ya yeni 3,000 au 5,000 katika noti safi. Epuka 4,000, kwa sababu nne hutamkwa sawa na kifo.

Magari makubwa ya kuvutwa yana hatari yake kwenye kona. Mengi hayana usukani. Hugeuzwa kwa kunyanyuliwa na magogo au kukokotwa kwa nguvu, na sehemu ya nyuma hufagia. Usisimame upande wa ndani wa kona hata kama picha ni nzuri. Kule Nozawa hatari ni moto: wanaume wa miaka 42 na 25, umri unaohesabiwa kuwa wa nuksi, hulinda jengo la mbao huku wanakijiji wengine wakilishambulia kwa mienge. Cheche huangukia watazamaji, na koti la nailoni huyeyuka matundu. Vaa la zamani, la pamba au sufu kwa juu, na viatu vya theluji.

Sake itatolewa bure, na hapo gari lisahau. Kikomo cha dereva ni miligramu 0.15 kwa lita ya pumzi. Abiria aliyejua na aliyempa kinywaji nao huadhibiwa. Baiskeli haikuokoi: tangu 1 Novemba 2024 hata kuiendesha ukiwa umefikia kikomo hicho kunaweza kukugharimu hadi miaka mitatu jela au yeni 500,000. Kwa mwalimu wa shule ya umma, kazi nayo iko hatarini. Aliyekunywa hadi saa sita usiku asishike usukani saa moja asubuhi pia.

Limebaki sanduku la vitamutamu vya mahali hapo kwa ajili ya ofisi ya walimu Jumatatu. Kila kimoja kiwe kimefungwa peke yake, na idadi ipite ya walimu, ukihesabu na karani na mtunza majengo. Linunue mchana. Ngoma ikiisha, kibanda cha stesheni kitakuwa kimefungwa kitambo.