Pembe za Jeraha

Nilikuwa nimetibu mifugo kwa miaka kabla ya kusomea udaktari wa binadamu, kwa hiyo upasuaji wa kujifungua haukuwa mgeni kwangu. Ng'ombe hupasuliwa amesimama, ubavu wa kushoto, kwa sababu upande huo tumbo kubwa la kucheulia huzuia utumbo usimwagike nje.

Mama wa kwanza niliyemsaidia bingwa kumpasua alilazwa chali, meza imeinamishwa kushoto yapata nyuzi 15, ili mimba isikandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Bupivakaini, dawa ya ganzi, ilikuwa imeshaingia mgongoni, mililita 2 na kidogo. Kisu kilipofika ndani, mama akauliza, "Daktari, mbona nasikia mnanivuta?"

"Maumivu yapo, mama?"

"Hapana."

"Basi ni sisi. Sasa hivi utasikia uzito, tunamtoa mtoto."

Ganzi ile huua maumivu, haiui hisia ya kuvutwa. Mgonjwa asipoambiwa hivyo mapema, hofu humpanda bure.

Lakini tofauti kubwa ni damu. Kondo la ng'ombe hushikana na mji wa mimba kwa vifundo 75 hadi 120, wala halichimbi mishipa ya mama; lisipobanduka kirahisi unaliacha, mara nyingi hudondoka lenyewe ndani ya saa 24. La binadamu limezama katika damu ya mama. Likibanduka, mishipa hubaki wazi, na mimba iliyokomaa hupitisha kama nusu lita kila dakika. Kinachoifunga mishipa hiyo ni msuli wa mji wa mimba kujikaza. Ndiyo maana mtoto alipotoka tu, oksitosini, dawa ya kuukaza msuli huo, uniti 5 ziliingia polepole mshipani, na kondo likavutwa taratibu kwa kamba ya kitovu.

Kushona nako ni kwingine kabisa. Kwa ng'ombe unakunja kingo kwa ndani, sindano isitoboe hadi ndani, uchafu usivujie tumboni. Bingwa alianza sentimita moja nje ya pembe ya jeraha, yaani pale mkato wa mji wa mimba unapoishia, akashika unene wa msuli. Ateri, mshipa unaoleta damu kwenye mji wa mimba, inapita pembeni pale. Tawi lake lililokatika likiachwa hujificha nyuma ya kingo, na damu hujaa nyongani huku mezani pakavu. Daktari wa mifugo anayehamia huku aanze kujifunza hapo.

Nesi alihesabu vitambaa kabla ya kufunga mji wa mimba, kabla ya tumbo, na tena kabla ya ngozi. Kisha nikapewa kazi ya kumwangalia mama kila dakika 15: mapigo, presha, pedi, na mkono usawa wa kitovu. Mji wa mimba ukiwa mgumu, sawa. Ukilegea, usugue huku unamwita bingwa.